Tanki la Pili

Kisasi changu nilikipima kwa jagi.

Lilikuwa jagi la plastiki la buluu. Nililinunua pamoja na beseni lake hapa Parkdale, mtaa wetu wa Toronto, kwa Mtibeti mmoja mpole anayeuza sufuria, mablanketi na kadi za simu chini ya paa moja. Nilizunguka na majagi yake muda mrefu, nikiyainua na kuyashusha, nikichungulia ndani, mpaka akaniuliza kama ninaolewa. Nikamwambia hapana, kuna watu ninakwenda kuwanawisha mikono. Akacheka kwa adabu, bila kuelewa.

Nilikuwa nimetumwa jagi hilo na Kwamboka, mke wa Festus, mkubwa wangu kazini, ambaye kanisani sote tunamwita Mama Melissa. Alinipigia simu katikati ya wiki. Jumapili wangekuwa na wageni wazito kutoka nyumbani, na Festus alitaka wageni hao wanawishwe mezani, mmoja mmoja, kama inavyofanywa kwetu.

"Nitafutie jagi na beseni huko kwenu Parkdale, huku Richmond Hill sijaona," alisema. "Halafu si wewe ndiye utawanawisha? Wewe ndiye mdogo wetu, na hujaolewa bado."

Nyumba yao ina mabafu mengi kuliko watu wanaoishi humo. Mtu yeyote angeweza kuinuka, akaenda kunawa, akarudi. Lakini Festus alitaka wageni waone kwamba hajasahau alikotoka, na mimi, mhandisi wa maji, ndiye niliyetakiwa kuinama na beseni mbele yao. Nilikubali haraka mno, mpaka Mama Melissa akanishukuru na kuniombea baraka kwenye simu.

Sasa niwaambie wageni walikuwa nani, na kwa nini nilikuwa nachagua jagi kama mtu anayechagua kisu.

Walitoka Garbadima, mji wa jangwani kaskazini mwa Kenya. Zamani palikuwa na visima, msikiti na kituo cha polisi, basi. Barabara ya lami ilipofika, mji ukafura. Zikaja ofisi za kaunti, ikaja hoteli, zikaja nyumba za mabati ya rangi juu ya kilima, mahali wanapopaita Estate Mpya. Chini, upande wa mashariki, kuna Bula Ngamia, mtaa wa wafugaji. Serikali ya kaunti ikatafuta wataalamu wa kuwapangia maji ya miaka mingi ijayo, na kazi hiyo ikaangukia kampuni yetu ya uhandisi iliyoko Markham. Mkuu wa mradi alikuwa Festus. Aliyeufanya mradi nilikuwa mimi.

Nilikaa Garbadima kiangazi kizima. Nililala kwenye hoteli ile, lakini mchana wangu niliumalizia Bula Ngamia, kwa Mama Dahabo, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mji. Alinipa chai ya maziwa ya ngamia na kunionyesha watu wakiingia. Walikuwa wanaingia kila siku, kwa miguu, na kilichobaki cha mifugo yao. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ukikaa Markham huwezi kukiona. Miji mingine hukua watu wakizaliwa. Garbadima hukua mvua ikikataa. Mwaka ambao visima vina maji kidogo kabisa ndio mwaka ambao mji una midomo mingi kabisa, ya watu, ya mbuzi na ya ngamia. Mtu akikupangia maji ya mji huo kwa kuchukua wastani wa miaka mizuri na mibaya, amekupangia kiu.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa na matanki mawili. La kwanza kilimani, kwa ajili ya Estate Mpya na mjini. La pili Bula Ngamia, na bomba lake lenyewe kutoka visimani, lijazwe wakati wa mvua na lisiguswe mpaka mwaka mbaya. Na nilihesabu mifugo. Mimi nilikulia Bonde la Kerio, nyumba ya mwisho kwenye bomba la mradi wa kanisa. Najua sauti ya mfereji unaotoa upepo. Nilipokuwa nachora lile tanki la pili nilikuwa nachora la kwetu pia, na sioni haya kusema hivyo.

Festus aliufuta. Alisema mpango una gharama kubwa, na kampuni nyingine ingetupiku. Akaweka mwaka wa kawaida, akaweka watu peke yao, akaondoa mifugo, akaondoa tanki la pili, na Bula Ngamia akaiunganisha kwenye mkia wa bomba la kilimani. Nilipopinga, alimwambia Valerie, mwenye kampuni, kwamba mimi ni msichana mzuri ila nina hisia nyingi, naingiza huruma kwenye hesabu. Nilimwandikia Valerie, nikaenda mpaka ofisini kwake. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, halafu akanihamishia kwenye maji taka ya maghorofa mapya ya Richmond Hill. Jina langu likatoka kwenye ripoti. Ramani zangu zikabaki, zikiwa na jina la Festus. Na onyo likatolewa kwamba mtu asiye kwenye mradi asizungumze na mteja kuhusu mradi, la sivyo hana kazi.

Kinachouma zaidi ni koti. Nilipofika Toronto mara ya kwanza, mwezi wa baridi kali, Festus alinipokea uwanja wa ndege na koti zito mkononi, akanivika. Ndiyo, alinisaidia. Lakini koti hilo kanisa zima linalijua. Festus amelitolea ushuhuda mara nyingi kuliko wokovu wake. Kila nilipofungua mdomo kulalamika, kuna dada angeniuliza, "Si huyo ndiye aliyekupa koti?"

Basi wageni, Mama Dahabo akiwa mmoja wao, walikuwa Toronto wiki nzima kwa vikao vya mwisho, na mimi nilifungiwa nje. Jumatatu walikuwa watie sahihi. Wakishatia, visima vinachimbwa, bomba linalazwa, na hakuna mtu atakayefukua chuma jangwani kwa sababu mimi Chepkoech nilisema. Festus angepandishwa kuwa mkurugenzi. Na Bula Ngamia, kiangazi kitakapokuja, wangefungua mfereji na kusikia upepo.

Mtu atauliza kwa nini sikumvuta Mama Dahabo pembeni nikamnong'oneza. Ningeweza. Lakini pembeni hakuna aibu, na mimi nilitaka aibu. Nilitaka Festus aibike nyumbani kwake, kwenye meza yake, mbele ya mchungaji wake na bosi wake, akiwa amevaa shati lake la kitenge. Isitoshe, hakuna kanuni ya kampuni inayokataza kuwanawisha wageni mikono.

Msaidizi wangu alikuwa Azmina. Huyu ni mchoraji wa ramani pale ofisini. Babu na bibi zake walihamia Mwanza kutoka Kachi, India, wazazi wake wakahamia Markham, na Kiswahili chake ni cha Mwanza kabisa, kinamshangaza kila Mkenya. Yeye ndiye aliyeambiwa na Festus, "Futa hiki," kidole kikiwa juu ya tanki langu, na akafuta kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hajampa Festus salamu ya kutosha. Jumamosi alikuja kwangu, tukaweka beseni sakafuni, mimi nikimwaga, yeye akinawa, mpaka tukajua jagi lile lingefika wapi kwenye meza ndefu kabla ya kukauka.

"Sabuni niachie mimi," alisema akijifuta mikono kwenye suruali. "Nitatangulia niwapake wote. Mtu mwenye povu mikononi hawezi kukimbia."

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda tramu, nikapanda treni ya chini kwa chini mpaka Finch, na Azmina akanichukua hapo kwa gari. Nilibeba jagi na beseni, na mfuko mwingine mkubwa ambao sikumwambia una nini.

Nyumba ilikuwa inanukia pilau na mbuzi wa kuchoma. Mbuzi alikuwa amechinjwa kihalali kwa ajili ya wageni, na Mama Melissa alihakikisha kila anayepita jikoni anajua hilo. Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa kutoka sebuleni mpaka kwenye kioo kikubwa cha kutazama bustani. Festus alikaa kichwani, karibu na jiko. Kulia kwake Valerie, amevaa shanga za Kimasai alizopewa zawadi na Festus. Kushoto mchungaji. Halafu Kimani, anayeuza nyumba, na mkewe, na wengine wa kanisani. Wageni waliwekwa mwisho kabisa, upande wa kioo, ili wafaidi bustani. Huko nje mashine ilikuwa inazunguka ikinyunyizia majani maji, na hapakuwa na mtu.

Mama Dahabo aliponiona mlangoni alinikamata mikono yote miwili.

"Binti yangu! Wiki nzima nakuulizia. Wananiambia uliacha kazi."

"Nani amekuambia, mama?"

Aligeuza macho tu kuelekea kichwani pa meza. Alikuwa amevaa shuka la rangi ya machungwa, na mikono yake ilikuwa na hina iliyoanza kufifia. Nilitaka kusema kila kitu hapo hapo mlangoni.

"Nipo, mama," nikasema. "Leo nitawanawisha mikono."

Kabla ya chakula Festus alisimama kuhutubia. Mwenzake wa safari wa Mama Dahabo, Mheshimiwa Guyo, waziri wa maji wa kaunti, aliweka kikombe chini kumsikiliza. Festus alisema kazi hii si kazi tu kwake, ni wito. Alisema ameliona jangwa, amewaona kina mama na mitungi, na mpango huu aliuandika kwa machozi. Festus hajawahi kufika Garbadima. Kaskazini yake inaishia Isiolo, tena alikwenda kwa arusi. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na jagi langu kifuani, nimeshalijaza maji ya vuguvugu.

Mama Dahabo alikuwa anatazama kioo.

"Yale majani nje," aliuliza Festus alipokaa, "yataliwa na mbuzi wa nani?"

Watu wakacheka. Festus akacheka zaidi ya wote. "Hakuna mbuzi, mama. Ni urembo tu."

"Ahaa," alisema Mama Dahabo, na akaendelea kutazama.

"Chep!" Festus akaniita, akipiga makofi mepesi. "Karibu utunawishe, dada yetu. Valerie, this is how we do it back home. Very traditional."

Valerie akatoa simu yake apige picha.

Azmina alitangulia na chupa ya sabuni ya maji, akipita upesi kwa tabasamu, akimpa kila mtu kibonyezo kimoja kikubwa kwenye viganja. "Sugueni vizuri, jamani, kuna mafua mjini." Wakasugua. Meza nzima, kutoka kichwani mpaka kwenye kioo, ikawa mikono yenye povu. Hata mchungaji alisugua kwa bidii.

Halafu mimi nikaanza. Nilianza na Festus.

Mama Melissa alikohoa. "Chep, mummy, anza na wageni." Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua hivyo, na mimi nililelewa vizuri.

"Leo maji yanaanzia kilimani, Mama Melissa," nikasema, na nikaendelea kumwaga.

Nilimwagia Festus maji ya kutosha kuoga. Alijaribu kuondoa mikono, nikamfuata nayo. "Bado kuna povu, kaka, hapa kwenye kidole." Nikamwendea Valerie, nikamwagia polepole, akiguna kwa raha maana yalikuwa ya vuguvugu. Nikamwendea mchungaji. Nikamwendea Kimani, ambaye aliosha mpaka viwiko kama daktari. Jagi lilikuwa linapungua uzito mkononi, na moyo wangu ulikuwa unapungua uzito nalo. Kwa wale wa katikati nilibana kidogo. Kwa wale wa mbele yao nikabana zaidi. Nilipofika kwa Mheshimiwa Guyo, yalitoka matone, yakadondoka kwenye povu bila kulitoboa. Nilipofika kwa Mama Dahabo nililipindua jagi kabisa juu ya mikono yake, nikalitikisa. Halikutoa kitu.

Nikasimama hivyo. Mama Dahabo alikuwa ameinua mikono yake mbele yake, hina na povu, akinitazama usoni.

"Chep," alisema Festus, bado anacheka kidogo, "si uongeze maji?"

"Niongeze kutoka wapi, kaka Festus?"

"Kutoka jikoni! Ama ni nini?"

"Hakuna tanki la pili," nikasema. "Ulilifuta."

Melissa, binti yao, aliyekuwa amekaa karibu na ngazi na simu yake, aliinua macho. Anaelewa kila kitu lakini hajibu kwa Kiswahili hata umlipe. "Dad, there's literally a tap right there," alisema. Akanyoosha kidole kuelekea mfereji wa jikoni.

Festus alikuwa ameacha kucheka. "Dada, hapa si mahali pake. Wageni wana njaa."

"Tanki gani?" aliuliza Mama Dahabo.

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini sauti hiyo ikafika mpaka kichwani pa meza. Nikaweka beseni sakafuni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, hotuba ya wiki nzima, na sikuikumbuka hata sentensi moja. Nikasema tu nilichokuwa nakiona.

"Mama, jagi hili ndilo lile tanki la kilimani kwenu. Ni moja tu. Kaka Festus na wenzake pale juu ndio Estate Mpya, hoteli na ofisi za kaunti. Wananawa kwanza. Ninyi mliokaa hapa mwisho ndio Bula Ngamia. Mpango mtakaoutia sahihi kesho unawapa kitakachobaki."

"Na leo hakikubaki."

"Leo hakikubaki, mama. Na leo ni mwaka mzuri. Mwaka mbaya wageni wanaongezeka kwenye meza hii na jagi ni lilelile."

Mheshimiwa Guyo alikunja uso. "Lakini tulionyeshwa kwamba yanatosha watu wote. Nimeona mwenyewe kwenye vikao."

"Yanatosha watu wa mwaka wa kawaida, mheshimiwa. Wanaohamia mjini wakati wa ukame hawamo. Mifugo haimo."

"Ngamia hawamo?" Mama Dahabo alimgeukia Festus, mikono yake bado iko hewani. "Mmepanga maji ya Garbadima, na ngamia hamkuwahesabu?"

Ninawaomba mniamini nikisema hiyo ndiyo sekunde niliyoingojea, na ilikuwa tamu kuliko nilivyodhani. Festus alifungua mdomo. Akaanza na "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," akaona uso wa mama, akaacha. Akaanza na wastani wa kitaifa, akauacha. Akajaribu kusema kwamba awamu ya pili ya mradi ingeweza kufikiria mifugo. Mheshimiwa Guyo akamuuliza awamu ya pili imeandikwa ukurasa gani. Festus akatazama sahani yake, ambayo ilikuwa tupu.

"Na hilo tanki la pili lilikuwepo?" aliuliza Mama Dahabo.

"Lilikuwepo," alisema Azmina, chupa ya sabuni mkononi. "Nililichora mimi, kwa hesabu zake huyu. Akaniamuru nilifute, nikalifuta. Ninaomba radhi, mama."

Valerie alikuwa amefurahi wakati wote huo. Alidhani ni sehemu ya mila. Jagi liliponikaukia alikuwa amepiga makofi kidogo, na sasa alimuuliza Festus kwa sauti ya kunong'ona kama hii ndiyo sala ya kabla ya chakula. Ni Mheshimiwa Guyo aliyemjibu, kwa Kiingereza cha polepole, povu likimkaukia kwenye vidole.

"Madam, your plan for our town has no camels in it. We will not sign tomorrow. We would like to see the first one. The one this lady made."

Aliposikia kwamba kesho hakuna sahihi na kwamba wanautaka mpango wangu, Valerie aliweka simu mezani, uso juu. Nilimwona akikumbuka siku ile nilipokaa mbele yake na yeye akainamisha kichwa upande. Alimtazama Festus, halafu akanitazama mimi, na kichwa chake kilikuwa kimenyooka.

Festus aliinuka. Alinijia mpaka karibu, na akazungumza chini, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa.

"Chep, mimi ndiye niliyekupokea airport. Ulikuwa unatetemeka. Nilikupa koti langu mwenyewe."

Wote walisikia, na nadhani alitaka wasikie. Mke wa Kimani alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Liko pale mlangoni, kaka," nikasema. "Kwenye mfuko ule mkubwa. Nimelifua."

Niliona mabega yake yakishuka ndani ya lile shati la kitenge. Mchungaji alianza kusema kitu kuhusu upendo na akajizuia katikati.

Chakula kilikuwa kinapoa na wageni hawawezi kula na povu. Mama Melissa alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kanga mdomoni, akimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Niliinama kuchukua jagi nikalete maji, kwa sababu mwisho wa yote mimi ni mtoto wa watu. Mama Dahabo akanizuia kwa kutikisa kichwa.

"Liache. Mwenye nyumba alete."

Festus alichukua jagi. Alikwenda jikoni, tukasikia mfereji ukifunguka, ukijaza, ukifungwa. Akarudi amelibeba kwa mikono miwili, akapita nyuma ya viti vyote mpaka mwisho wa meza, na akataka kuanza na Mama Dahabo. Mama akavuta mikono yake nyuma.

"Sisi tumezoea kungoja," alisema. "Mnawishe huyu kwanza."

Azmina alinipa sabuni kabla sijaomba. Nikanyoosha mikono juu ya beseni, na Festus Murithi, mkuu wa mradi, akaniinamia na kunimwagia maji. Nilinawa polepole. Nilinawa kila kidole, nikanawa katikati ya vidole, nikageuza viganja. Nikamwambia, "Endelea, kaka," akaendelea. Nikaomba sabuni tena, Azmina akanipa, nikaanza upya. Nilikuwa nanawa maji taka ya Richmond Hill, na ramani zenye jina la mtu mwingine, na lile koti. Sikumtazama mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeshiba kabla ya kula.

Halafu maji yakakatika. Niliinua macho. Jagi lilikuwa tupu, nami nilikuwa nimelimaliza peke yangu, na kando yangu Mama Dahabo alikuwa bado amekaa na mikono yake mbele yake, povu limegeuka utando mweupe juu ya hina.

Aibu ilinipata, nisiwadanganye. Ilinipata usoni na shingoni. Nikafungua mdomo niombe radhi, lakini Mama Dahabo hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama Festus.

"Umeona?" alimwambia. "Hata mtu wetu mwenyewe akikaa karibu na bomba anatusahau. Ndiyo maana tulitaka tanki letu. Rudi tena."

Festus akageuka na jagi lake, akaanza safari ya kurudi jikoni, nyuma ya viti vyote, mbele ya kanisa lake lote. Siku nyingine yoyote watu wanne wangeinuka kumpokea jagi mwenye nyumba, wakimwambia akae, akae, wao wapo. Tulikaa tukimsikiliza akifungua mfereji, na hakuna aliyeinuka.